Jibu la mchana na jibu la baada ya isha

Swali la wiki: Je, utawala wa kijeshi unaweza kuyajua maoni ya raia?

Ndugu Mhariri, assalamu alaykum. Kuyajua unaweza. Shaka yangu ni ukishayajua.

Nigeria, Jenerali Ibrahim Babangida alitwaa madaraka Agosti 1985, na hakukaa sana akawauliza wananchi: tuchukue mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, au tuuache? Watu wakajadili kweli, magazetini, vyuoni, sokoni, na wengi wakaukataa. Desemba serikali ikatangaza kwamba mkopo hautachukuliwa. Mwaka 1986 ikaleta mpango wa marekebisho ya uchumi wenye masharti yale yale waliyoyakimbia watu, na naira, sarafu yao, ikaporomoka. Mgeni kafukuzwa, mizigo yake imeingizwa ndani.

Kwetu Zanzibar, tangu 1964 Baraza la Mapinduzi ndilo lililotawala na ndilo lililotunga sheria, mpaka Baraza la Wawakilishi lilipoanzishwa 1980. Haukuwa utawala wa kijeshi hasa, najua nitabishiwa, lakini nahisi wazee wetu walijifunza miaka ile namna ya kumjibu mwenye nguvu.

Hapa Wete, miaka michache nyuma, ofisi moja ilikuja kutuuliza maoni juu ya pahala pa kujenga soko. Viti vya plastiki, maji ya chupa, karatasi ya mahudhurio. Chini ya mwembe kasimama askari na bunduki yake, kijana mpole tu, anachezea simu. Ami yangu, ambaye barazani hanyamazi, akainuka akasema, "Sisi tumeridhika, Mungu awabariki," akakaa.

Usiku, baada ya isha, vikombe vya kahawa vinazunguka, ami yule yule akatumia nusu saa kueleza kwa nini soko lile litajaa maji kila masika. Anaujua hata mfereji yanakotokea. Hapo hapakuwa na mwandishi.

Ndiyo maana mimi naamini kura ya siri kuliko mkutano. Tarehe 31 Julai 2010 tuliulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, na aliyesema hapana alirudi kwake bila ya jirani kujua.

Karatasi ile ya mahudhurio ilikuwa na safu ya jina, shehia na namba ya simu. Na mimi niliijaza, nikatia saini, wala sikusema neno.

Msomaji, Wete, Pemba