"Mfupa Haujavunjika," Nikashangilia Mapema

Nilikosea hatua kwenye ngazi, unyayo ukapinda kwa ndani, nikasikia kitu kama kamba inakatika. Kufika jioni kifundo cha mguu kimevimba hadi kiatu hakiingii. Picha ya eksirei ikatoka safi: mfupa mzima. Nikashangilia. Siku ya kumi nikarudi kukimbia, na wiki iliyofuata mguu ule ule ukapinda tena, safari hii kwenye sakafu tambarare.

Nikikumbuka, naona kosa langu lilianzia kwenye maneno. Sisi kila kirefu chembamba kilicho chini ya ngozi tunakiita mshipa. Kinachopitisha damu ni mshipa, kinachopeleka hisia ni mshipa, kinachovuta kidole ni mshipa. Mtu akiteguka tunasema mshipa umeshtuka, tunakanda, yameisha. Kumbe vinavyoushikilia mwili si kitu kimoja, na kila kimoja hupona kwa mwendo wake.

Shika nyuma ya kisigino chako, juu kidogo. Ule uzi mgumu ni kano, nao huunganisha msuli na mfupa. Huo hasa ndio kano nene kuliko zote mwilini. Ligamenti ni ndugu yake, ila yenyewe hufunga mfupa kwa mfupa ili kiungo kisiende kusikotakiwa. Gegedu ni lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa zinapokutana, zisisagane.

Sasa ajabu yake ni hii: katika hao wote, mfupa ndio mwepesi wa kupona. Tunaufikiria kama nguzo kavu, lakini umejaa damu na chembe hai. Chembe nyingine zinabomoa, nyingine zinajenga, kiasi kwamba takriban asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka. Ukivunjika, damu huganda pale penye ufa, linaota gegedu la muda, linageuka mfupa mchanga, kisha mwili unauchonga taratibu kwa miezi mpaka urudi karibu na umbo lake. Ligamenti haina bahati hiyo. Damu inayoifikia ni kidogo, na ikichanika huzibwa kwa kovu ambalo halifikii uimara wa awali. Gegedu la kwenye viungo halina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na ute wa kiungo, likibanwa na kuachiwa kama sponji, ndiyo maana kukaa bila kutikisika hakulisaidii.

Kwa hiyo ukiteguka, usiniige. Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti iliyochanika haionekani pale. Upande wa pili, si kila aliyeteguka anahitaji picha. Madaktari wana kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada: kwa ufupi, kama huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe nyuma ya jicho la mguu (ile nundu ya pembeni) au kwenye ncha yake unaumia, nenda ukapigwe picha. Unyayo nao una sehemu zake za kupimwa, basi mwachie daktari. Kwa mtoto usibahatishe hata kidogo: sehemu ambayo mfupa wake unakulia ni dhaifu kuliko ligamenti, na kinachofanana na kuteguka kinaweza kuwa ni mfupa uliovunjika.

Siku mbili tatu za mwanzo: pumzisha, funga bandeji, inua mguu, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa. Maji ya moto na kukandwa kwa nguvu, kataa, hata anayekukanda akiwa mtu unayemheshimu. Uvimbe utaongezeka tu.

Baada ya hapo ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu maumivu huisha kabla ya ligamenti kupona. Tena, kazi yake si kufunga tu. Ndani yake mna ncha za neva zinazoujulisha ubongo mguu umekaa vipi, nazo huumia pamoja nayo. Ndiyo maana nilianguka kwenye sakafu tambarare: mguu ulipoanza kupinda, taarifa ilichelewa. Dawa niliyopewa na mtaalamu wa mazoezi ya tiba ilinichekesha. Simama kwa mguu mmoja. Mwanzo karibu na ukuta, macho wazi, ukizoea, yafumbe. Siku ya kwanza nilipofumba sikumaliza sekunde tano.

Zoezi hilo nililifanya wakati wa kupiga mswaki, asubuhi na usiku, na mbio nikaziacha kwa miezi mitatu. Mguu wa kulia sasa unamaliza nusu dakika macho yakiwa yamefumbwa. Wa kushoto, ule wa ngazi, bado unatetemeka nikifika ishirini.