Mwanangu, kuhusu yule jamaa asiyecheka na huo mkataba wako

Mama yangu, meseji yako niliiona usiku nikaona nikipiga simu utanikatisha kabla sijamaliza, bora niandike. Umeuliza ilikuwaje Buster Keaton, yule mchekeshaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, jamaa asiyecheka wa kwenye ule mkanda tuliokuwa tunaangalia sebuleni mkiwa wadogo, akaporomoka wakati alikuwa juu vile, na hapohapo ukaniambia kuna kampuni inataka kukuchukua wewe na klipu zako za vichekesho, mshahara kila mwezi na kamera zao. Kwa ninavyokujua hilo ni swali moja.

Watu watakuambia sauti ndo ilimmaliza, kwamba filamu zilipoanza kuongea wale wa zamani wakaachwa. Kwa Keaton sio kweli kabisa na inaniuma kila nikisikia. Jamaa alikulia jukwaani, sauti anayo nzito nzuri tu, na zile filamu zake za kwanza za kuongea zilileta hela, hadi wakawa wanamrudisha setini kurekodi upya kwa Kihispania na Kifaransa, anakariri maneno asiyoyaelewa. Kilichommaliza ni karatasi aliyosaini 1928.

Wazazi wake walikuwa wasanii wa jukwaani, yeye kazaliwa Kansas 1895, na alipokuwa mdogo kazi yake ilikuwa kurushwa huku na huku na baba yake mbele ya watu, nguo yake wameshonea mshikio mgongoni kama begi. Hapo ndo alipogundua akicheka yeye watu hawacheki, akikausha uso wanavunjika mbavu. 1917 akakutana na Roscoe Arbuckle, mchekeshaji wa filamu, kule New York, na mwenyewe alisimulia kwamba kitu cha kwanza alichotaka ni kuifungua kamera aone ndani inafanyaje kazi. Nikikuona wewe na ile simu uliyoifumua ukiwa darasa la sita namkumbuka huyu.

Kuanzia 1920 akawa na studio yake Hollywood, na hapa nisikilize vizuri. Hawakuwa na skripti. Wakishapata mwanzo na mwisho wa stori basi katikati wanaitafuta wenyewe, yeye na kikosi chake kilekile, na wakikwama wanaacha kamera wanaenda kucheza besiboli mpaka mmoja apate wazo. Ndo maana unaona vitu kama ule ukuta mzima wa nyumba unaomwangukia, yeye kasimama palepale penye dirisha, akikosea hatua moja amekufa. 1924 maji ya tangi la reli yalimpiga akaangukia shingo, akaendelea kufanya kazi, miaka baadaye daktari ndo akamwambia shingo ilivunjika ile. 1926 akaangusha treni halisi kwenye daraja linaloungua huko Oregon, hela nyingi sana ikateketea, na filamu haikuuza. Siku hizi watu wanaihesabu kati ya filamu bora zilizowahi kutengenezwa lakini wakati ule ilikuwa hasara tu.

Mwenye hela alikuwa Joseph Schenck, amemuoa dada wa mke wa Keaton, yaani mambo ya kifamilia. Huyo ndo akamwambia tufunge studio, nenda MGM, ile kampuni kubwa ya filamu, mdogo wangu ndo bosi kule. Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake, alimkataza. Harold Lloyd, mchekeshaji mwingine wa enzi zile, alimkataza. Na angalia mama, hao wawili walikuwa wanamiliki kazi zao, Keaton kwenye ile kampuni yenye jina lake hakuwa na hisa hata moja! Kwa hiyo alipoambiwa ahame hakuwa na pa kukanyaga akatae. Akasaini.

Kule MGM alipewa dola 3,000 kwa wiki, akapewa na skripti, msimamizi, kikosi chake kikatawanywa, na stanti za hatari wakamzuia maana sasa ni mali ya kampuni. Filamu ya kwanza bado nzuri, baada ya hapo unaona mtu anafanya vichekesho vya watu wengine. Pombe ikamshika, ndoa ikavunjika 1932, 1933 wakamfukuza. Na baadaye akarudi geti lilelile kuwatungia wengine vichekesho kwa dola 100 kwa wiki. Mwenyewe alisema kusaini kule ndo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake.

Usidhani aliishia hapo ukalia bure. 1940 alimuoa Eleanor aliyemtunza mpaka mwisho, filamu zake za zamani zikapatikana zimefichwa kwenye nyumba aliyokuwa akiishi enzi zake, na 1965 Venice walisimama wakampigia makofi miezi michache kabla hajafariki.

Sasa wewe. Mshahara sikukatazi, kodi ya nyumba naijua. Ila uliza klipu za zamani zinabaki za nani, nani ana neno la mwisho kwenye kuediti, na wale wenzako wawili mlioanza nao wanaingia au wanaachwa nje, maana kwenye meseji yako hujawataja kabisa. Piga picha kurasa zote nitumie WhatsApp kabla ya Ijumaa, hata zile za maandishi madogo, mjomba wako kazoea mikataba nitakaa naye tusome. Usisaini hata kama wanakuharakisha. Mama yako anasalimia, anauliza ule unga ulifika.

Baba