Maswali na majibu: Henri IV na vita vya dini Ufaransa

Wiki hii wasomaji wanauliza kuhusu Henri IV, mfalme wa Ufaransa aliyetoa Amri ya Nantes mwaka 1598, iliyowapa Waprotestanti haki zao baada ya vita kati yao na Wakatoliki.

*Ni kweli alisema "Paris inastahili misa", yaani kuupata mji huo kunafaa kuwa Mkatoliki?*

Anasingiziwa tu; hakuna ushahidi. Tunachojua ni kwamba Julai 25, 1593 alifika mlangoni pa kanisa la Saint-Denis amevaa nguo nyeupe, akapiga magoti na kuukana Uprotestanti. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1572, siku chache tu baada ya harusi yake, Waprotestanti walichinjwa Paris siku ya Mtakatifu Bartholomayo. Yeye akanusuru shingo yake kwa kuingia Ukatoliki, kisha mwaka 1576 akatoroka ikulu na kurudi kwenye Uprotestanti, dini ya mama yake. Wengi hawakumwamini, na siwalaumu. Hata hivyo, Machi 1594 Paris ilimfungulia milango, mji uleule aliouzingira mwaka 1590 hadi watu wakafa njaa.

*Basi kubadili dini ndiko kulikomaliza vita?*

Nusu. Nusu nyingine ni pesa. Wakuu wa Ligi ya Kikatoliki, kundi la Wakatoliki waliompinga, aliwanunua mmoja mmoja, kwa vyeo na mamilioni ya livre, fedha ya Ufaransa enzi hizo.

*Waprotestanti walipata nini katika Amri ya Nantes?*

Ruhusa ya kusali katika sehemu maalumu, haki ya kushika vyeo serikalini, mahakama zenye majaji wa dini zote mbili, na ngome kama La Rochelle. Lakini ndani ya Paris hawakuruhusiwa ibada. Walitoka nje ya mji, na baadaye wakajenga hekalu lao Charenton. Na zaka? Waliendelea kuwalipa mapadri wa Kikatoliki! Kinachonishangaza zaidi ni kifungu cha kwanza: yaliyotokea vitani yafutike kana kwamba hayakuwahi kutokea. Mjane aliyeuliwa mumewe vitani akikutana na muuaji sokoni, ajikaze apite.

*Wakatoliki walikubali?*

Kwa shingo upande. Mahakama kuu ya Paris iligoma kuisajili Amri hiyo kuwa sheria. Februari 1599 Henri akawaita majaji, akawaambia amekuja na nguo za nyumbani, bila upanga, kama baba anayeongea na wanawe. Mwezi huohuo wakaisajili. Rouen ilivuta miguu hadi 1609.

*Ilidumu?*

Mei 14, 1610 Henri aliuawa kwa kuchomwa kisu ndani ya gari lake la farasi na Mkatoliki, François Ravaillac. Amri ilibaki hadi mjukuu wake, Louis XIV, alipoifuta mwaka 1685.