Dalali, Winga, Wakala: Jua Kwanza Analipwa na Nani

Pita Kimara, Goba au Tabata hapa Dar es Salaam utaona kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mgeni anashangaa, nyumba kama haiuzwi ya nini kuitangaza? Mwenyeji haulizi. Anajua kuna mtu alishaleta wanunuzi pale mwenye nyumba akiwa safarini, au familia inagombania mirathi na mmoja wao ameanza kuchukua pesa za watu kimyakimya. Na ukiuliza majirani ni nani aliyewaleta hao wanunuzi, jibu ni moja: "Dalali."

Mimi naona neno hilo linabebeshwa mizigo ya wengine. Dar tunawaita madalali watu ambao kazi zao hazifanani kabisa, kisha mmoja akitutapeli tunawatukana wote. Nimepanga nyumba pande kadhaa za jiji hili, nimefanya uwinga Kariakoo, kazi ya kuwaletea wenye maduka wateja, nikiwa sina mtaji, nimewasindikiza ndugu kwenda kutazama viwanja Chanika na Kigamboni. Ninachowaambia wanaonipigia simu kuomba ushauri ni hiki: kabla hujafuatana na mtu wa kati, ujue analipwa na nani, na kama hicho anacholipwa wewe utakiona au utafichwa.

Ukitaka kumwona dalali wa asili, nenda soko la samaki la Feri asubuhi. Samaki wanamwagwa mbele ya watu, dalali anapaza sauti, wanunuzi wanapandishiana: elfu hamsini, hamsini na mbili, hamsini na tano, haya mama, hamsini na tano mara ya kwanza! Yule ni mtu wa mvuvi. Anakula asilimia yake kwenye mauzo, na bei umeisikia wewe, ameisikia mvuvi, ameisikia hata kijana anayeparua magamba pembeni. Unaweza kulalamika kwamba samaki ni ghali, lakini huwezi kusema umefichwa. Wapo wavuvi wanaolalamika zaidi kuliko wanunuzi, kwa sababu dalali huyohuyo ndiye aliyewakopesha hela ya mafuta na nyavu, kwa hiyo hawana uhuru wa kumpelekea mwingine samaki wao. Hayo ni yao.

Ndugu yake ni dalali wa mahakama, yule anayekaza hukumu, yaani kuitekeleza, na kunadi mali za wadaiwa. Huyu ana leseni na anafuata utaratibu. Sheria ya Minada, Sura ya 227, inataka tangazo la siku zisizopungua 14 kabla ardhi haijanadiwa, kwa hiyo ukiambiwa kuna nyumba ya benki inanadiwa kesho na tangazo hakuna aliyeliona, baki nyumbani ulale.

Sasa tuje kwa huyu tunayekutana naye kila siku, dalali wa nyumba.

Desturi ya Dar ni kwamba dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na anayelipa ni mpangaji. Chumba na sebule cha laki mbili, mwenye nyumba anataka miezi sita, basi wewe andaa milioni moja na laki nne, achilia mbali hela ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kuhamisha vitu. Juu ya hapo kuna hela ya kuonyeshwa, ambayo wengine wanaiita ya usumbufu. Hii ndiyo inayoleta ugomvi barabarani. Wewe unadhani umelipa elfu kumi ya mzunguko mzima, yeye anahesabu kila nyumba. Malizaneni kabla hamjapanda bodaboda: "Kaka, hii elfu kumi ni ya leo yote, nyumba zote utakazonionyesha, sawa?" Akisema sawa, mwandikie hivyohivyo WhatsApp mbele yake. Wala hatakasirika, wamezoea.

Jambo la pili ni msururu. Umempigia dalali mmoja wa Sinza, lakini Sinza hana nyumba kwa sasa, anampigia mwenzake wa Kijitonyama, naye anampigia wa Mwananyamala. Mkifika getini mko watu watano na mpangaji ni mmoja. Kila mmoja anategemea mgao kutoka kwenye ule mwezi wako, na ukianza kuomba punguzo linakuwa gumu kwa sababu hela ikishagawanywa hivyo haimtoshi yeyote. Mimi nikifika nauliza swali moja tu: "Funguo ziko kwa nani?" Mwenye funguo, au mwenye namba ya mwenye nyumba, ndiye dalali. Hao wengine ni wasindikizaji, na kulipwa kwao ni juu ya huyo, sio juu yangu.

Halafu malipo yenyewe. Komisheni ya dalali inatolewa ukishasaini mkataba na funguo ziko mkononi, sio kabla. "Kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na hela yake" ni sentensi utakayoisikia kila nyumba, hata ile ambayo imekaa wazi tangu mvua za masika. Kodi usimpe dalali. Iende kwa mwenye nyumba, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaingiza namba ya siri lilingane na jina lililoandikwa kwenye mkataba. Ukiambiwa namba ni ya mke wake, au ya mdogo wake kwa sababu line yake ina matatizo, simama hapohapo. Tunacheka sana na zile meseji za "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii", lakini zinaendelea kutumwa kwa sababu wapo wanaotuma hela.

Kuna utapeli mmoja ambao dalali mwenyewe huingizwa bila kujua. Mpangaji aliyemo ndani, kodi yake inakaribia kuisha, anajifanya mwenye nyumba. Anapokea kodi ya miezi sita kutoka kwa watu watatu wanne, kila mmoja na tarehe yake ya kuhamia, kisha anaondoka usiku. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kulipa, muage dalali, zunguka nyuma, ongea na jirani na mwenye duka la mtaani. Muulize muuza duka, "Hapa nyumba ya nani?" Yeye ndiye anayekopesha unga na mafuta mtaa mzima, hawezi kukosea. Ukipenda kuwa na uhakika zaidi nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Tena siku ya kutazama nyumba uliza habari za luku (mita ya umeme) ya peke yako na maji yanatoka siku zipi, maana dalali atakuonyesha vigae na jipsamu tu.

Kariakoo ni mchezo mwingine. Pale mtu wa kati anaitwa winga, jina limetoka uwanjani: winga anakimbia pembeni, anampelekea mpira mfungaji. Unashuka Msimbazi, hujafika hata Mtaa wa Kongo, kijana ameshakuuliza, "Karibu dada, unatafuta nini? Viatu, magauni, simu?" Ukimfuata anakupitisha kwenye korido, mnapanda ngazi, mnaingia kwenye fremu, chumba cha duka, ambayo peke yako usingeiona.

Tofauti yake na dalali wa nyumba iko kwenye malipo. Winga hakuombi komisheni. Duka linamwachia mzigo kwa elfu ishirini na tano, wewe anakuambia thelathini na tano, ile kumi ni cha juu chake. Umemlipa bila kujua umemlipa. Utamtambua kwa dalili hii: mmeingia dukani, unamuuliza muuzaji bei, muuzaji hakujibu wewe, anamtazama aliyekuleta. Au anasema, "Bei anayo huyo." Hapo ujue mwenye duka analinda cha juu cha mwenzake, na hata ukirudi baadaye peke yako siku hiyohiyo anaweza kukataa kukushushia, kwa sababu mawinga ndio wanaomletea wateja asubuhi mpaka jioni.

Nimeifanya kazi hiyo na siionei aibu. Unachukua picha dukani, unaweka status na Instagram, mteja wa Dodoma anatuma hela, unakimbia kuchukua mzigo, unaufunga, unaupeleka stendi. Mtaji ni bando na miguu. Mteja wangu wa Mbeya alikuwa anajua fika kwamba naweka cha juu, na alikuwa anafurahi, kwa sababu nauli ya kuja Kariakoo ni kubwa kuliko hicho cha juu mara nyingi. Kwa hiyo sikushauri umkwepe winga. Nakushauri ujue unapomhitaji. Unanunua gauni moja, huna haraka, zunguka mwenyewe. Una orodha ya vitu ishirini na basi linaondoka alfajiri, tafuta winga, mwambie waziwazi: "Nipeleke kwenye bei ya duka, nitakupa elfu thelathini yako jioni." Wengi wanakubali. Na ukichukua kuanzia vipande kadhaa, uliza bei ya jumla kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Kwenye simu na vifaa vya umeme ndipo uwinga unapouma. Simu imezima baada ya wiki, ukienda dukani wanasema hawakujui, winga namba yake haipatikani. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la duka, na hakikisha kiasi kilichoandikwa ndicho ulichotoa. Kabla hujalipa, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, itume kwenda 15090 uone kama jibu linafanana na simu uliyoshika. Winga mzuri atakusubiri ufanye hayo yote. Anayekuharakisha achana naye, maduka hayaishi Kariakoo.

Wakala ni neno zito kuliko haya mawili, na watu wanalichezea. Tumelizoea kwa sababu ya wakala wa M-Pesa pale kibandani, lakini kisheria wakala ni mtu anayefanya jambo kwa niaba ya mwingine, na akilifanya ni kama aliyemtuma amelifanya. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu uwakala, na humo wakala hana ruhusa ya kujinufaisha kisirisiri kwenye biashara ya aliyemtuma. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi ni wakala wa mwenye kiwanja", usimjibu "aha, sawa." Mwambie akuonyeshe karatasi inayomruhusu kuuza na kupokea pesa. Kama hana, huyo ni dalali tu: anaruhusiwa kukuonyesha na kupatanisha bei, basi.

Kwenye viwanja mimi sikubali kuzungumza hela mpaka tuwe watatu, muuzaji, dalali na mimi. Muuzaji anataka milioni kumi na tano, dalali amekuambia kumi na nane, na ndiyo maana kila ukiomba kumwona muuzaji unaambiwa yuko shamba, yuko msibani, simu yake haina chaji. Dalali asiandike mkataba, wala asiwe shahidi wako, maana yeye analipwa mauziano yakikamilika, sio yakiwa salama. Karatasi ziende kwa wakili utakayemchagua mwenyewe. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati. Kama hakina, serikali ya mtaa na majirani wa mipaka wote wanne wawepo. Na kama ni nyumba ya familia, muulize muuzaji mwenza wake yuko wapi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona mauziano yamevurugika kwa sababu mke alitokea siku ya kupima, hakuna aliyemwambia lolote.

Kishoka sina maneno mengi naye. Huyu anajifanya mfanyakazi wa ofisi fulani, ana fomu, ana kitambulisho kinachoning'inia shingoni, anakuahidi kukuunganishia umeme au kukutolea hati haraka. Dalali ana nyumba ya kukuonyesha, winga ana duka, kishoka hana kitu ila namba yako ya simu. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo. Asiyekupa hiyo namba usimpe hata shilingi.

Na wewe mnunuzi usijifanye mjanja kwa kumruka dalali. Amekuzungusha jua kali, amekuonyesha nyumba, kesho unarudi peke yako kwa mwenye nyumba ili umkwepe. Atajua tu, yuko mtaa huo kila siku, na siku unahamia atakuwa amekaa getini anakusubiri mbele ya majirani zako wapya. Kama mwezi mzima unakuumiza, sema mapema. Kwa kodi ya miezi mitatu, mimi huwa naomba nusu ya mwezi, na hukubaliwa zaidi nyumba ikiwa imekaa wazi muda mrefu au mwenye nyumba naye amekubali kumtoa dalali kidogo. Ukishahamia ihifadhi namba yake pamoja na jina la mtaa wake. Wangu nimewaandika hivi: Dalali Segerea, Dalali Mbezi Luis, Dalali Kijitonyama Mkweli.