Kwa anayeanza kusoma fasihi ya uhuru ya Amerika ya Kilatini

Insha yangu ya kwanza kuhusu fasihi na vita vya kujikomboa kutoka Uhispania ilirudi na mstari mmoja mwekundu, chini ya sentensi niliyojivunia kuliko zote. Nilikuwa nimeandika kwamba barua ya Simón Bolívar, ile aliyoiandika Kingston, Jamaika, tarehe 6 Septemba 1815, iliwatia ari askari wake. Pembeni mwalimu aliandika maneno mawili: "Waliisoma lini?"

Nilikwenda maktaba nimenuna, nikarudi nimenywea. Barua ile aliandikiwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akiishi Jamaika. Ilichapwa kwanza kwa Kiingereza, mwaka 1818. Kwa Kihispania haikutoka hadi 1833, Bolívar mwenyewe yuko kaburini na vita vya bara vimekwisha kitambo. Ni andiko zito, hilo halina ubishi, lakini askari wa 1815 hawakulijua. Tangu hapo kila andiko ninaloligusa naliandikia miaka miwili daftarini: mwaka lilipoandikwa, na mwaka lilipofika mikononi mwa watu. Ningekuwa na wewe darasani, hicho ndicho kitu cha kwanza ningekuandikisha.

Jaribu daftari hilo kwa José Joaquín Fernández de Lizardi wa Meksiko. Katiba ya Cádiz ya 1812, katiba ya Uhispania, ilipoleta uhuru wa kuchapa, naye hakungoja. Alianzisha gazeti lake na mwaka haukuisha kabla hajamgusa mwakilishi wa mfalme, akatupwa gerezani. Mwaka 1814 Mfalme Fernando VII alirudi kitini na kuifuta katiba. Mtu wa gazeti angefanya nini? Alihamia kwenye riwaya. Mwaka 1816 alianza kuichapa kwa vipande habari ya kijana mhuni wa mjini anayebadilisha waajiri kama shati, na kila mwajiri anayemwacha anatuachia picha ya uoza wa koloni: daktari asiyejua dawa, karani mla rushwa, mwalimu asiyefundisha. Juzuu ya nne ilizuiwa kwa sababu ya maneno yake dhidi ya utumwa. Riwaya nzima ilitoka 1830 hadi 1831. Meksiko ilipata uhuru 1821, Lizardi alifariki 1827. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha kiada kinasema riwaya hii ilileta uhuru, uliza: kipande kipi, na kilisomwa na nani? Sehemu iliyowauma wakubwa zaidi wasomaji waliipata bendera ikiwa imeshapandishwa.

Usinielewe vibaya, sisemi vitabu havikufanya kazi. Nasema kazi yao ukiitafuta ndani ya vitabu peke yake hutaiona. Watu wengi wa nchi zile hawakujua kusoma. Walisikia. Montevideo, Bartolomé Hidalgo alitunga mashairi kwa lugha ya wachunga ng'ombe wa mbugani, ya kuimbwa kwa gitaa, yakimkejeli mfalme wa Uhispania kwa maneno ambayo mchungaji angeyasema mwenyewe. Arequipa, nchini Peru, kijana Mariano Melgar aliandika nyimbo za mapenzi zenye huzuni ya muziki wa wenyeji wa Andes, kisha akajiunga na waasi. Alipigwa risasi baada ya vita vya Umachiri, Machi 1815. Hapa wewe uliyekulia kwenye Kiswahili una mtaji ambao wenzako wengi hawana. Unajua shairi ni kitu cha kughani, na kwamba mtu asiyejua herufi anaweza kuwa na beti mia kifuani. Usiuache mtaji huo mlangoni eti kwa sababu umeingia chuo kikuu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye viwanda vya sigara vya Kuba. Kukunja sigara nene kwa mkono ni kazi ya kimya: watu wamekaa safu kwa safu, vidole vinakwenda, masikio hayana shughuli. Mwaka 1865, Havana, wafanyakazi walianza kumweka mwenzao juu ya kiti asome kwa sauti, gazeti na riwaya, nao wakamlipa kwa michango yao wenyewe. Serikali ya koloni ilielewa upesi kuliko wahakiki wengi wa leo. Mwaka uliofuata ilipiga marufuku usomaji huo. Baadaye, vita vya uhuru wa Kuba vilipowafukuza wakunja sigara kwenda Florida, waliondoka na msomaji wao, na Tampa na Cayo Hueso (Key West) sauti zikaanza tena.

Sasa mlete José Martí. Alizaliwa Havana mwaka 1853, na akiwa kijana wa miaka 16 alikamatwa kwa sababu ya barua aliyoiandika na rafiki yake, akapelekwa kuvunja mawe machimboni na mnyororo mguuni. Alifukuzwa kwenda Uhispania, na huko 1871 akachapa kijitabu kuhusu jela ile. Miaka mingi aliishi New York kwa kalamu. Novemba 1891 alialikwa Tampa kuwahutubia wakunja sigara. Fikiria walivyokuwa: watu waliosikiliza riwaya na magazeti kila siku ya kazi kwa miaka. Hawakuhitaji kurahisishiwa. Mwaka uliofuata likazaliwa gazeti lake, Patria, na Chama cha Mapinduzi cha Kuba, na sehemu ya mishahara ya viwandani ikawa inakatwa na wenyewe kwa ajili ya vita vipya vya uhuru. Martí aliuawa Dos Ríos tarehe 19 Mei 1895, vita vikiwa vichanga. Ukitaka kuonyesha fasihi ikifanya kazi ya ukombozi, onyesha hiki: kiti, sauti, masikio, mchango wa Jumamosi. (Utasimuliwa pia kwamba amri ya kuanza vita ilivushwa hadi Kuba ikiwa imekunjwa ndani ya sigara. Kisa kitamu. Kiandike kama kisa.)

Jambo jingine linalowaponza wageni ni kuchukua kila shairi la uhuru kuwa ni silaha. Mengine ni vazi la sherehe. José Joaquín de Olmedo wa Guayaquil alichapa mwaka 1825 utenzi mrefu wa kumsifu Bolívar kwa ushindi wa Junín, nchini Peru, wa Agosti 1824. Kulikuwa na tatizo: vita vilivyomaliza kazi ni vya Ayacucho, Desemba 1824, na aliyeviongoza ni Sucre, jenerali wake, si Bolívar. Olmedo alilitatua kwa kumtoa kaburini mfalme wa Inka, Huayna Cápac, atabiri Ayacucho kutoka mawinguni. Bolívar alimwandikia mshairi barua za kuchekesha na kuumiza. Alimlalamikia kwamba huyo Inka ni msemaji mno, na kwamba mashujaa wamepandishwa hadi kuwa miungu ya Wagiriki. Zisome barua hizo kabla ya utenzi wenyewe. Kisha uliza swali ambalo Bolívar hakumuuliza Olmedo: wajukuu wa huyo Inka walipata nini? Mwaka 1826 Peru ilirudisha kodi ya wenyeji, ikiwa na jina jipya. Katika utenzi babu yao ana sauti. Mbele ya mtoza kodi wao hawana.

Na tafadhali usiishie Amerika. Ginekweta (Guinea ya Ikweta) ni nchi ya Afrika inayosema Kihispania, na ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968. Niliposoma mara ya kwanza habari zake niliingia na ramani yangu ya kawaida: riwaya kwanza, uhuru baadaye. Ramani ilinipoteza. Riwaya yake ya kwanza, ya Leoncio Evita, ilichapwa 1953 na inamtazama mkoloni kwa jicho la upole. Udikteta wa Macías, rais wake wa kwanza, ulipoanza, waandishi walitawanyika, na maandishi makali kuhusu ukoloni yalikuja kutoka uhamishoni. Riwaya ya Donato Ndongo-Bidyogo kuhusu mtoto anayelelewa na mapadri ni ya 1987, takriban miaka 20 baada ya bendera. Ukikosa fasihi ya ukombozi pale ulipoitegemea, usiilazimishe. Isubiri upande wa pili wa tarehe.

Mwisho, lugha. Tafsiri za Kiingereza zitakusaidia kupata habari, ila beti zinakauka. Anza na mashairi mepesi ya Martí ya 1891, ambayo baadhi ya beti zake unazijua tayari kwa sababu ya ule wimbo wa Guantanamera. (Wimbo wenyewe ni wa karne ya 20, nimeshasahihisha insha iliyowaimbisha wapiganaji wa 1895.) Mizani zake ni 8 kwa mshororo, sawasawa na utenzi wetu, kwa hiyo mdundo hautakuwa mgeni. Soma kwa sauti na uhesabu kwa vidole: Yo soy un hombre sincero, nane. De donde crece la palma, nane. Mshororo wa tatu, y antes de morirme quiero, ukihesabu kwa macho utapata tisa. Rudia kwa mdomo, uache ile y imezwe na neno linalofuata.