Kabla hujaandika "amepotea": kwa mgeni wa takwimu za UKIMWI Pemba

Ukipangiwa takwimu kwenye CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, hapa Pemba, anza na orodha ya wagonjwa walioacha kuja kuchukua dawa. Mimi nilipoanza, niliikuta orodha hiyo ni ndefu, nikaamini wote wamezikimbia dawa. Siku moja nikamwomba sheha, kiongozi wa shehia, anioneshe daftari lake la vifo. Baadhi ya "waliopotea" wangu walikuwa kaburini miezi mingi.

Kwenda kwa sheha kuna adabu yake: omba kuliona daftari lake, lakini orodha yako usimpe wala usimsomee. Jina la mgonjwa wetu likishatoka kliniki halirudi tena.

Kwetu mtu akifa alfajiri, adhuhuri keshazikwa. Wengi hufia nyumbani, jamaa wanakwenda kwa sheha kutaka kibali cha maziko, wakiulizwa sababu wanasema homa, kifua, presha. Hawadanganyi. Wanasema walichokiona, na wengine wanamsitiri maiti wao.

Spitali nako usiamini kila cheti. Utakuta "moyo kusimama", na nani aliyekufa moyo wake ukaendelea kupiga? Fomu ya Shirika la Afya Duniani inataka mfuatano: juu kilichomuua mwishoni, chini kabisa chanzo cha yote. Mgonjwa wa VVU aliyefariki kwa kifua kikuu, VVU inakaa mstari wa chini, na katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa, kifo chake kinaingia B20, fungu la VVU. Daktari akiusahau mstari huo, kifo kinahamia A15 hadi A19, kifua kikuu kitupu. Mrudie siku hiyo hiyo, kwa heshima, angali anamkumbuka mgonjwa.

Majina nayo! Kina Khamis Juma Khamis ni wengi, basi linganisha namba ya CTC, mwaka wa kuzaliwa, shehia, na jina la mama. Na kuna anayevuka kutoka Wete kwenda kuchukua dawa Unguja ili jirani asimwone. Huku amepotea, kule ni mgonjwa mpya.

Maambukizi Zanzibar yako chini ya asilimia 1, kwa hiyo vifo vichache vikiwekwa pasipo mahala pake, picha yote ya wilaya inageuka. Namba ikishuka ghafla, usishangilie kwanza. Uliza kama njia ya kuhesabu imebadilika. Mwaka 2007 UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilishusha makadirio ya watu wenye VVU duniani kutoka milioni 39.5 hadi 33.2, zaidi kwa kuwa India ilipimwa upya kwa njia bora, wala si kwamba mamilioni wamepona.

Ikibidi ufike nyumbani kwa marehemu, ngoja khitma ipite. Vua fulana ya mradi, toa pole, kaa, uliza aliumwaje na kwa muda gani. Neno VVU lisitoke kinywani mwako, kwani mke huenda hajui. Mjane mmoja alinambia mwenyewe, sikumuuliza, kuwa mumewe akimeza vidonge kila usiku na hakuwahi kumwambia ni vya nini. Nilimwambia tu kwamba kituoni vipimo vyote ni bure na ni siri. Wiki iliyofuata alikuja, amembeba mwanawe mdogo.