Usiishie kwenye wosia: nilivyomtafuta nyanya wa ukoo wa wakwe zangu Maryland

Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, na kwa miaka mingi alitamani kumjua nyanya wa ukoo wake aliyekuwa mtumwa katika shamba la tumbaku huko Maryland, wakati koloni hilo lilipokuwa bado chini ya Uingereza. Aliponiomba nimsaidie, tulianzia sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wengi wa waliotoka utumwani, kisha tukarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Kwa kuwa sheria haikumtambua mtumwa kuwa mwenye mali, ilibidi tumtafute katika mirathi ya waliommiliki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuishia kwenye wosia. Mwenye shamba alimwachia mkewe watumwa bila kutaja hata jina moja, nami nikadhani njia imefungwa. Sikujua kwamba baada ya mazishi mahakama iliteua wathamini waliopita chumba kwa chumba na kuorodhesha kila kitu kwa thamani yake, na kwamba katika orodha hiyo watumwa waliandikwa kwa majina, mara nyingi pamoja na umri. Inauma kumsoma mtoto wa miaka tisa akitiwa bei karibu na vyungu na ng'ombe, lakini hapo ndipo tulipomwona kwa mara ya kwanza. Nakili orodha nzima kwa mpangilio wake, wala usichukue jina unalolitafuta peke yake, kwa sababu mama na watoto wake wanaweza kuwa wameandikwa wakifuatana.

Hadi 1777, shughuli za mirathi za Maryland zilisimamiwa na mahakama moja kuu yenye makao Annapolis, ambayo iliweka wosia, orodha za mali na hesabu za wasimamizi katika madaftari tofauti. Ni lazima kuyapitia yote. Mwishoni mwa orodha ya mali tazama pia sahihi za ndugu wa karibu wa marehemu na za wadai wake, maana sahihi moja ya aina hiyo ndiyo iliyotuonyesha binti wa marehemu alikuwa ameolewa na nani. Hesabu nilizikosa kwa muda mrefu, kwa kuwa mjane alikuwa ameolewa tena na mume wake mpya ndiye aliyeziwasilisha mahakamani.

Kuwa mwangalifu na tarehe: kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo Februari ya 1731 kwao ni Februari ya 1732 kwetu. Maneno ya ujamaa nayo yamebadilika. Neno la Kiingereza ambalo leo ni binamu lilitumika hata kwa mpwa, na mtu aliyeitwa mkwe huenda alikuwa mtoto wa kambo.

Mgawanyo wa mali ulionyesha kuwa yule mtoto alipewa binti wa marehemu. Karibu miaka 20 baadaye, katika orodha ya mali ya mume wa binti huyo, tulimkuta tena, jina lilelile na umri unaolingana, na chini yake watoto wawili. Mama mkwe aliniomba nimsomee mstari ule polepole, mara tatu. Sasa tunawatafuta watoto hao katika madaftari ya kaunti ya baada ya 1777.